Nilikuja Kukutoa Darasani, Nikaketi

Mohoro,
alasiri, kesho unasafiri.

Zuhura mwanangu, mama yangu mie,

Assalaam aleykum. Najua utacheka. Utasema mama huyu ana wazimu gani, ananisalimu kwa barua na mie nipo hapa hapa, nimekwenda tu kwa shangazi kuaga na magharibi haijaingia nitakuwa nimerudi. Cheka tu. Barua hii utaisoma Iringa chuoni, na huko utakuwa hujui hali ya mtu hata mmoja wa nyumba hii, ndiyo maana nakupa hali zao kama zilivyo leo, uende nazo.

Bibi yako hajambo. Goti limemtulia tangu tulipomkanda kwa maji ya moto, na sasa hivi yuko barazani anamgombeza mbuzi wa watu. Anakusalimu sana, anasema usisahau kuwa yeye ndiye aliyekubeba mgongoni mie nilipokuwa shambani. Hamisi mdogo wako hajambo, amefunga na kufungua zipu ya begi lako mpaka nimemwambia ataiharibu. Mwajuma hajambo mwilini lakini amenuna. Nilimuuliza, nikuandikie salamu gani kwa dada yako? Akasema, "Simsalimu, si anaondoka!" Nimeiandika kama alivyosema. Mamdogo wako Mwanaidi wa Kibiti amepiga simu, hajambo yeye na mumewe. Kuku wako mweusi wa kishungi ameatamia nyuma ya kinu, sijamgusa. Baba yako hajambo. Yuko shambani juu ya dungu anaamia ndege wasile mpunga, hilo unalijua, na kwa nini siku hizi anapenda kushinda huko kuliko nyumbani nalo unalijua, lakini nitalifikia.

Mie mwenyewe sijambo, ila roho inanipiga.

Mambo ya blanketi, sijui mafuta ya kujipaka kwa ajili ya baridi ya huko, sikuandikii. Mamdogo ameshayasema yote mara mbili mbili, na weye si mtoto. Ninachoandika ni kile nilichokikimbia.

Juzi tulikuwa uani tunapepeta mchele wako wa safari. Ukaniuliza, taratibu, macho yako yakiwa kwenye ungo: "Mama, nikija nikabatizwa huko, nikirudi utanipokea?" Nikasema mchele huu una chuya nyingi, nikainuka na ungo wangu nikaenda kuusimamia kule penye mwanga. Hapakuwa na chuya. Ulijua hapakuwa na chuya. Ukaendelea kupepeta, na tangu hapo hujaniuliza tena.

Basi jibu ndilo naliandika. Ungetaka nikuambie kwa mdomo, lakini mie kwa mdomo nitalia, na nyumba yetu unaijua, mtu akilia chumbani wa barazani anauliza kuna msiba. Kwa simu ndiyo kabisa, simu ni moja na kila mmoja anataka kusikia. Kalamu inakwenda polepole, na mie niliishia la nne, ukikuta neno limepinda lisome hivyo hivyo.

Lakini jibu lenyewe siwezi kulitupa hapa juu ukaachana nalo. Nataka kwanza ujue limepitia wapi.

Mwanaidi aliponipigia simu kwa mara ya kwanza kuhusu jambo hili, weye ukiwa kwake Kibiti unasoma, nilikuwa natwanga. Akasema, "Dada, kaa chini." Nikasema nimekaa, na sikuwa nimekaa. Akasema, "Zuhura kila Alhamisi jioni anakwenda kanisani. Kuna darasa, wanawafundisha watu wasiokuwa Wakristo. Wanawapa na chai." Mwanangu, lililonichoma si darasa, ni hiyo chai. Maana hapa kwetu tulishasikia maneno, kwamba chai ile ina kitu chake, ukishaimaliza kikombe basi umekwisha kuwa wao, na wiki ya pili wanakuletea kitimoto kwenye sahani wamekifunika kwa wali. Nani alisema? Hakuna anayemjua. Kila mtu aliambiwa na mtu. Mie mama mzima niliamini.

Nikaenda kumwambia bibi yako. Bibi akatua kikapu chake chini akasema, "Mie tangu niko mwali namfukuza nguruwe asile mpunga wetu. Leo mjukuu wangu ndiye akamle yeye? Nenda kamtoe."

Nikaja kukutoa.

Baba yako nilimwambia nakwenda Kibiti kupima macho. Hilo nalo nitalifikia, kwa sababu ndilo kosa ninalotaka usilirithi.

Nilipofika, hata kwa Mwanaidi sikupita. Nilikwenda moja kwa moja na kanga yangu nimeifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kuamua ugomvi. Njiani nilikuwa nayapanga maneno. Nilikuwa nimepanga kusema, "Mwalimu, umeletwa kufundisha hesabu, dini ya mwanangu nani kakupa?" Nilikuwa nayo maneno makali, Zuhura, mengine hata siwezi kuyaandika.

Nikafika mlangoni. Chumba chenyewe kiko ubavuni mwa kanisa, mabenchi yamepangwa duara, na weye uko kule ndani umenipa mgongo. Mwalimu Atupele, mwalimu wenu wa hesabu, akaniona wa kwanza. Akaja mpaka mlangoni, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya watu wa kwao Rungwe, akasema, "Shikamoo mama."

Sasa weye niambie, mtu amekuamkia shikamoo, unamjibu nini? Nikasema marahaba. Akasema, habari za utokako? Nzuri. Unatokea wapi mama? Mohoro. Khe, Mohoro! Mto umeshuka? Umeshuka, alhamdulillahi. Na mpunga? Unaendelea. Ndege je? Ndege wapo, watu wanaamia. Na wazee nyumbani? Hawajambo. Na watoto? Hawajambo, ila mmoja, nikasema, na hapo ndipo nilipotaka kuanza. Akasema, "Pole mama, basi pita ukae, usisimame juani." Mie nilivyolelewa, mtu hajamaliza kukujulia hali huwezi kumgombeza, na yule mwanamke hakumaliza. Nilipokuja kushtuka nimekaa kwenye benchi, kikombe kiko mkononi, na watu wote duara zima wananiambia karibu mama, karibu. Weye ukageuka. Sura uliyoitoa siku ile! Nilitaka kukuzaba kofi na nilitaka kucheka.

Wakadhani nimekuja kujifunza. Nami nikaona haya kusema sivyo.

Kikombe nilikishika mpaka kikapoa. Mzee Ngwele, yule mnunuzi wa nazi, alikuwa kando yangu na cha kwake amekwisha kukimaliza anaangalia changu. Akaninong'oneza, "Mama, kama huinywi nipe mie. Mie nimeifuata hiyo." Nikamuuliza, na weye Muislamu, huogopi? Akasema, "Niogope chai? Nina mwaka nakuja, bado naswali swala tano, na sukari hawabanii." Nikainywa. Ilikuwa na tangawizi nyingi mno. Haikunigeuza chochote, ilinipa kiungulia tu mpaka usiku.

Somo la siku ile unalikumbuka. Mwalimu alisimulia jinsi Isa, wao wanamwita Yesu, alivyopita ufukweni akawakuta vijana wawili wako chomboni na baba yao wanatengeneza nyavu. Akawaita. Wakaacha nyavu, wakamwacha na baba, wakamfuata. Mwalimu akasema, nani ana swali? Hapa hakuna swali baya, kila kitu kinaulizwa. Watu wakauliza mambo makubwa. Yule mama anayeuza mihogo ya kukaanga akauliza habari ya Mungu mmoja na utatu, mwalimu akaeleza, yule mama akasema bado hajaelewa, mwalimu akasema na yeye ilimchukua muda. Hilo nililipenda. Nilikuwa nimezoea watu wanaojua kila kitu.

Mie nilikuwa nimekaa na baba yule kichwani. Nikajikuta nimeinua mkono. Sikuwa nimeinua mkono darasani tangu nilipoacha shule.

Nikasema, "Na baba yao?"

"Baba yao vipi, mama?"

"Si aliachwa pale chomboni? Nyavu mbovu, wanawe wameondoka wote wawili. Jarife halivutwi na mtu mmoja. Nani alimsaidia kuvuta?"

Watu wakacheka. Mzee Ngwele hakucheka, akasema, "Hapo mama amesema. Nyavu si kazi ya mtu mmoja."

Mwalimu akafungua kitabu chake, akatafuta, akasema, "Alibaki na vibarua, mama. Imeandikwa alikuwa nao."

Nikasema, "Kibarua si mwana."

Akasema, "Kweli, mama. Kibarua si mwana. Mie nimesoma habari hii tangu mtoto, na sijawahi kumwangalia baba huyo." Kisha akasema tuendelee. Lakini nilimwona kabisa, hakuendelea vizuri.

Tulipotoka nikakushika mkono, nikakuuliza njiani, nani kakuingiza humu? Nilikuwa nasubiri uniambie mvulana. Ukasema hakuna. Ukasema ulipokwenda kumzika mama wa rafiki yako Neema uliwasikia walivyomwimbia yule maiti, kama wanamsindikiza mtu safari, na tangu hapo ukawa unataka kujua wanaona nini sisi hatukioni. "Nataka kujua tu, mama." Hukunidanganya. Na mie niliyekuja na maneno makali nikakosa pa kuyaweka. Nikakuambia, basi Alhamisi ijayo nakuja tena, nisikie mwenyewe.

Nikaja mara tatu, mpaka darasa likaisha. Kila mara macho yangu yanapimwa.

Nikuambie kitu ambacho sijawahi kukuambia. Darasa lile lilinifanya nione haya kwa dini yangu mwenyewe, si kwa ya kwao. Kwa sababu mwalimu akimuuliza mtu, hili unalolisema maana yake nini, mtu anaeleza. Mie nimeswali tangu sijavunja ungo, na kama ungeniuliza maneno ninayosema nikiinama maana yake nini, ningekutolea macho. Niliporudi nikamwendea Maalim wa msikitini kwetu. Nikakaa nje ya kizingiti nikamwambia, Maalim, nataka unieleze neno moja moja. Akashangaa. "Bi Somoe, miaka yote hii, leo ndo unauliza?" Nikasema nimejifunza kuuliza. "Umejifunza wapi?" Nikasema Kibiti. Sikusema Kibiti wapi. Akanieleza, mwanangu, mpaka adhana. Na siku ile niliswali nikijua ninaongea na nani. Kwa hiyo mie siwezi kusema darasa lile lilikuwa baya. Weye liliusogeza moyo wako huko, mimi lilinirudisha huku, na tulikunywa chai ya birika moja.

Siku ya mwisho walipopika, unamkumbuka Mzee Ngwele alivyojitapa? "Kanisani humu mie nina cheo, mie ndo mchinjaji!" Nami sikujua mpaka siku ile kuwa kuku wote waliopikwa darasani pale mwalimu alikuwa anampelekea yeye awachinje, ili sisi wengine tule bila wasiwasi. Kitimoto nilichoambiwa hakikuwahi kupita mlango ule. Nilikula paja zima, na nilikula nikiwaza namna nilivyowasema vibaya watu nisiowajua.

Siku ile ile ndiyo mwalimu alisema, anayetaka kuendelea na mafundisho ya ubatizo aseme, asiyetaka tunamshukuru na chai ipo siku zote. Ukaenda kumwona pembeni. Nilikuwa nakutazama. Ukarudi ukaniambia mwalimu amekukatalia kufanya haraka, amesema nenda chuoni kwanza, kaa, fikiri, kuna darasa kama hili huko, ukiona bado unataka waambie. Amesema, "Sisi hatumwibi mtoto wa mtu."

Hapo nami nikamwendea. Nikasema nina swali moja ambalo si la darasani. Nikamuuliza: "Mtoto akiingia kwenu, mama yake anakuwa nani wake?"

Akaniambia, "Mama, mie siwezi kukujibu kwa kitabu. Nitakujibu kwa nyumba yetu." Akaanza kunieleza. Ana dada yake, mkubwa kwake, aliolewa Kilwa, akasilimu. Mama yao kule Rungwe ni mzee wa kanisa, mwanamke mkali. Akasema huyo si mwanangu tena, jina lake lisitajwe humu ndani. Yule dada alikwenda mara moja, na mtoto mgongoni na samaki wa kukausha kwenye kapu, akasimama uani na mtandio wake. Mama hakutoka. Dada akaliweka kapu barazani akarudi Kilwa. Mwalimu akasema, "Tangu siku hiyo mama hajamtaja. Lakini kila nikimpigia simu, baada ya kuniuliza hali, lazima aniulize: kule Kilwa mvua zimenyesha?" Akatabasamu, machozi yamejaa. "Mama yangu hana shamba Kilwa. Mvua ya Kilwa inamhusu nini mtu wa Rungwe?"

Zuhura, nilipanda gari kurudi nyumbani nikiwa kama mtu mgonjwa. Yule bibi mie simjui, si wa dini yangu, si wa kabila langu, na aliyempoteza amekuja upande wetu. Ningepaswa kufurahi. Nilimwona tu mama mzima ameshika simu, anauliza mvua. Nikasema moyoni, mwenyezi Mungu, usinifikishe huko.

Sasa kosa langu.

Mzee Ngwele alikuja Mohoro kununua nazi. Akamkuta baba yako pale gulioni, na yeye ni mtu wa mdomo mzuri, hakuwa na nia mbaya hata chembe. Akamwambia mbele za watu, "Bwana Bakari, mkeo yule ni moto! Kule darasani kanisani anauliza maswali mpaka mwalimu anatafuta pa kujificha!"

Baba yako alikuja nyumbani, hakupiga kelele. Ningeona nafuu angepiga. Alikaa kwenye kigoda akavua viatu kimoja kimoja. Akasema, "Macho yako yamepona?"

Nikasema, mume wangu, nilikwenda kumtoa.

"Mara ya kwanza ulikwenda kumtoa. Ya pili?"

Nikaviinua viatu vyake nikaviweka kando.

Akasema, "Mke wangu na binti yangu wamekaa kanisani wanakunywa chai, mie nasikia kwa mnunuzi wa nazi." Akachukua panga na chandarua, akaenda dunguni. Ndege wakati ule hata hawakuwa wengi.

Weye uliporudi kutoka Kibiti ulikuta hali hiyo, ukadhani amekasirika kwa ajili ya kanisa. Mie nami nilidhani hivyo. Nikampelekea chakula siku moja, nikakaa chini ya ngazi ya dungu nikamwomba radhi. Alikula kwanza. Alipomaliza akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo, na leo nakupa weye. Akasema, "Mtoto alikuwa na maswali ya dini. Mwalimu wa kutoka Rungwe ameulizwa. Mzee Ngwele ameulizwa. Weye umeulizwa. Mie baba yake nilikosa nini? Mbona hakuniuliza mie?"

Hana hasira, Zuhura. Ana wivu, na anaona haya kuusema. Anajiona ni mtu aliyepitwa mlangoni kwake. Na si weye uliyemfundisha hivyo, ni mie, niliyemfunga kitambaa usoni kwa kudhani namkinga. Nilidhani nikimficha nitanunua amani. Kumbe mtu unayempenda ukimficha, siku akijua, analia kwa mawili: lile jambo lenyewe, na kule kuwa wa mwisho kulijua. La kwanza angelizoea. La pili ndilo linalompeleka dunguni.

Umeona leo asubuhi kifurushi cha kambale wa kubanika kilichofungwa kwa ukindu juu ya begi lako? Ulidhani mimi. Sijui kubanika vile mie. Amewatega mwenyewe, amewabanika mwenyewe huko huko dunguni, siku tatu moshi unamwingia machoni, akaja kukiweka mpo mmelala. Nilipomuuliza akasema, "Huko milimani samaki hawana." Basi. Usimwambie nimekuambia.

Sasa jibu lako, mama yangu.

Sitakudanganya, kwa sababu nimeona uongo wangu ulivyonipeleka. Moyo wangu unataka ubaki. Nataka siku nikifa unisomee, unikalie matanga kama nilivyomkalia mama yangu, na Ramadhani nikupikie tambi za nazi ugombane na Mwajuma. Nitakuombea ubaki kila nikisujudu, na usinikataze. Ukinipa habari umebatizwa nitalia, labda wiki, labda zaidi, na bibi yako atasema maneno. Watu wa hapa nao watasema, na baadhi yao watanisema mie. Hayo yote siwezi kuyaondoa.

Lakini umeniuliza kama nitakupokea. Nitakupokea. Nitatoka nje mpaka barabarani, sitangoja uani. Ukija na msalaba shingoni nitaumia na nitakubebea begi. Mkeka wako wa kulalia utakuwa pale pale kati yangu na Mwajuma. Sahani yako sitaitenga. Mie nilikuzaa kabla hujawa na dini yoyote unayoijua, na nilikupenda siku hiyo hiyo, bado una damu kichwani. Siwezi kukuambia kwamba nitafurahi. Naweza kukuambia kwamba utakuta mama.

Na usiende kwao kwa kukimbia. Usibatizwe kwa sababu umemkasirikia baba yako, au kwa sababu wenzako wa bwenini wanaimba vizuri na weye uko mpweke na baridi inakupiga. Wala usibaki kwetu kwa sababu unaniogopa mie nisilie. Mtu akibaki kwa kuogopa machozi ya mama, hajabaki, amefungwa tu. Kaa na swali lako mpaka liive. Ukiwa bado hujui, useme hujui, Mwalimu Atupele mwenyewe alisema hivyo mbele yetu na hakupungua kitu.

Ninalokuomba ni moja, na hili nakuomba kwa maziwa yangu. Lolote utakaloamua, nisilisikie kwa mtu. Niambie weye, na uniambie kabla, si baada. Hata kama ni kesho yake, nipigie leo. Sitakuzuia kwa simu, nani anaweza kumzuia mtu kwa simu. Nataka tu nilijue likiwa bado kinywani mwako.

Na jambo la baba yako. Nilikuwa nataka kukuambia umwombe radhi, nimeona hapana, radhi ataipokea akae kimya. Muulize swali. Chagua moja katika yale uliyokuwa unamuuliza mwalimu, lile linalokusumbua kweli, umuulize baba yako kama baba yako. Usimjaribu, muulize. Huenda hajui. Atakwenda kwa Maalim, atasumbua msikiti mzima, lakini atakuletea jibu. Na kama jibu lake halitakutosha, mwambie halijakutosha, umuulize tena.

Nawasikia watoto wanapiga kelele njiani, bila shaka ni weye unakuja. Naikunja barua hii, nitaiingiza katikati ya kanga ile ya maua mekundu, utaikuta ukifungua begi.

Ukifika tu, kabla hujatandika kitanda, tupe habari. Usingoje wiki. Nimemkuta baba yako mchana ametoka dunguni mara moja, yuko dukani kwa jirani anachajisha simu. Nikaitazama. Ilikuwa imejaa. Nikamuuliza, mbona unaichaji na ina moto? Akasema, "Iringa ni mbali."

Mimi mama yako,
Somoe.